Kanga Mikokoni

Asiniambie mtu kwamba rafiki yangu Mshamu alikuwa amelewa. Hajawahi kuonja pombe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, matajiri wa boriti za mikoko wakimiminika kijijini kwetu Mbuchi. Asubuhi moja Mshamu aliupata mti mnene ndani kabisa ya mikoko, mahali penye giza mchana kutwa, lakini hakuwa na msumeno. Wakata boriti huacha alama ya panga kuonyesha mti una mwenyewe. Nguo ya nyumbani haiachwi mikokoni, vibwengo, mashetani wa humo, wapo. Yeye, na hili ndilo linaloniudhi, akachana kanga ya mkewe aliyofungia chakula, akafunga kipande usawa wa kifua.

Aliporudi na msumeno, kila mti ulikuwa na kipande cha kanga ileile, kimefungwa usawa wa goti. Gizani kitu kiligonga mti, ko, ko, ko.

"Jitokeze, mshenzi wewe," alifoka, akivinyofoa vile vipande.

Kugonga kukakoma.

Nyumbani, mkewe Zuena alimpokea amefura.

"Mchezo gani huu, Mshamu? Mtoto kalala, wewe unaingia kumfunga miguu halafu unatoka kimyakimya?"

Kipande cha kanga miguuni mwa mtoto kilikuwa kingali na tope bichi.