Kipimo cha Redio Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Evarista alipita nyumbani kwa jirani yao, Mama Leokadia, kumsaidia kuanika. Watu wengine pale kijijini Igowole walianika mahindi au maharage. Mama Leokadia alianika mawe ya redio, yaani betri. Aliyatoa mawe manne tumboni mwa redio yake ya zamani, akayapanga juu ya ungo, kisha akauelekeza ungo juani.

"Jua huyarudishia nguvu," alisema. "Mawe mapya ni ghali, na Mafinga ni mbali."

Jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha. Siku nyingi ukungu ulikaa mpaka saa nne, na mawe yakarudi ndani yakiwa baridi kama yalivyotoka. Lakini Mama Leokadia hakuwa mtu wa kubishiwa, na Evarista, msichana wa miaka kumi na mitatu, alimwitikia tu na kukimbilia shule.

Moyo wake ulikuwa mbali. Baba yake, Tadeo Kalinga, alikuwa fundi wa reli. Kazi ilimpeleka kwanza Mlimba. Kisha reli ikafika Makambako, karibu kabisa na nyumbani, na mama yake Evarista akafua shuka na kupiga lipu upya ukuta wa jikoni. Tadeo hakuja. Reli ilisonga mbele, naye akasonga nayo. Sasa, mwaka huu wa 1973, alikuwa Mbeya, amepanga chumba Mwanjelwa. Katika miaka mitatu alikuwa amekuja mara moja tu, siku nne. Evarista alimtamani baba yake hata akiwa anakoka moto, hata akiwa anapiga hesabu. Lililomtia hofu zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kuusahau uso wake.

Wakati wa Pasaka, Tadeo alikuwa ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio. Familia nzima ilijazana kwa Mama Leokadia. Mtangazaji akasema, "Tadeo Kalinga wa Mbeya anawasalimu..." na hapo redio ikakwaruza kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Walipoipata tena sauti, walikuwa wanasalimiwa watu wa Tabora.

Sasa, mwezi wa kumi na moja, barua mpya, aliyoandikiwa na mwenzake wa kazini, ilikuwa imefika: "Nimetuma kadi nyingine. Sikilizeni Jumamosi ijayo, saa nane mchana."

Kwa bahati, juma hilohilo kijiji kilikuwa kinatafuta redio. Vipindi vya afya vilitangazwa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima, na darasa la Igowole halikuwa na redio yake. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa, Bwana Ndalahwa, akaleta redio mpya kabisa, iliyotoka mwaka huohuo. Iliitwa Nyota. Ilikuwa nyekundu, ina bendi tatu na mkonga mrefu wa kunasa sauti, unaong'aa.

"Hii inakamata mpaka kikohozi cha mtangazaji," alijigamba. "Jaribuni. Nitarudi Jumatatu. Mkiikataa, naipeleka Iringa. Kule wanaigombania."

Mwenyekiti wa kijiji alitaka inunuliwe siku hiyohiyo. Mwalimu Marcelino wa darasa la sita akasema, "Mwenyekiti, kizuri huonekana kikipimwa. Tuipambanishe na hizi tulizozizoea, kwa siku tano." Akaazima redio ya Mama Leokadia na redio ya mwenyekiti mwenyewe. Aina zote mbili zilikuwa bado zinauzwa Mafinga. Kijiji kikanunua mawe mapya kwa redio zote tatu. "Zote zianze sawa," alisema Mwalimu. Mawe makuukuu ya Mama Leokadia yakawekwa ndani ya kopo kabatini.

Kazi ya kupima ikapewa wasichana wawili wa darasa lake: Lea, mwenye masikio makali, asikilize, na Evarista, mwenye mwandiko mzuri, aandike katika daftari lake. Ufunguo wa kabati alipewa Evarista. Mara tatu kwa siku waliziwasha redio moja baada ya nyingine, wakatoa alama, sifuri hadi kumi.

Siku ya Jumatatu, redio ya Mama Leokadia ilisema kwa sauti safi kuliko zote.

"Tisa," alisema Lea. "Nyota pia tisa. Lakini hii ya zamani haiyumbi."

Evarista alishika kalamu asiandike. Ile ile iliyomeza salamu za Pasaka? Leo imebahatisha, aliwaza. Ikishinda, Nyota itafungwa ingoje kuondoka, na Jumamosi tutasikilizia redio ya kukwaruza. Alikwisha kuona moyoni mwake kadi ya baba ikisomwa ndani ya ile redio nyekundu, kila jina likitoka wazi. Hakutaka redio nyingine.

Jumanne alfajiri alifungua kabati peke yake. Aliyatoa mawe mapya katika redio ya Mama Leokadia, akaweka yale makuukuu ya kopo. Mapya akayaficha ndani ya kopo.

Tangu siku hiyo, redio ya zamani ilipata nne, tatu, mbili. Lea alishangaa, lakini Lea hakuwa mtu wa kumdhania mwenzake mabaya. Ijumaa jioni ni Nyota iliyoanza kufifia.

"Hii imeshuka, Eva. Ipe sita."

"Ni mawingu," alijibu Evarista upesi, akaandika tisa.

Matokeo yalisomwa mbele ya wanakijiji, wakapiga makofi. Nyota imeshinda! Usiku wa siku hiyo vijana waliipigisha muziki mpaka jogoo wa kwanza. Evarista hakucheza. Alirudisha mawe mapya mahali pake, akaipeleka redio ya zamani kwa mwenyewe. "Mimi si mwizi," alijiambia njiani, ingawa hakuna aliyekuwa amemwita hivyo.

Jumamosi, saa nane kasoro, uwanja wa shule ulijaa. Mama yake Evarista alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Nyota iliwekwa juu ya meza, na Evarista akapewa kiti cha mbele. Mama Leokadia tu ndiye aliyebaki nyumbani, ng'ambo ya bonde, kwa sababu ya goti lake.

Salamu zilisomwa: za Tanga, za Musoma, za Songea. Sauti ilikuwa inapungua kidogo kidogo. Watu wakasogea, wakainamisha vichwa.

"Kadi inayofuata ni ya Tadeo Kalinga, fundi wa reli, Mbeya. Anamsalimu mke wake mpenzi..."

Sauti ikawa ya mbu, kisha ikanyamaza.

Mwenyekiti aliitikisa redio. Mtu mwingine akavuta mkonga. Mwalimu Marcelino akafungua mfuniko nyuma, akagusa mawe. "Yamekwisha," alisema. "Mawe sita, siku tano tu!" Redio ya mwenyekiti ilikuwa imerudishwa kwake, mbali, na duka la pale halikuwa na mawe hata moja. Mama yake Evarista aliendelea kukaa, mikono mapajani, akiitazama ile redio kana kwamba ingemwonea huruma.

Hapo ndipo vigelegele viliposikika kutoka bondeni. Mama Leokadia alikuwa anapanda mlima na fimbo yake, licha ya goti lake, akisalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, wanangu! Mmemsikia? Mmemsikia Tadeo? Redio yangu leo imeamka! Neno kwa neno, kama yupo jikoni kwangu! Sijui jua la wapi limeyaingia mawe yale!"

Evarista alijua si jua. Lilimjia lote kwa mara moja: hata siku ya Pasaka haikuwa kosa la redio. Redio ile ilikuwa nzima siku zote, ilikuwa inalishwa makapi. Na siku ilipopewa chakula cha haki, yeye ndiye aliyeipokonya. Alilia kwa sauti mbele ya kijiji kizima.

"Mwalimu, ni mimi! Nilibadilisha mawe. Na Ijumaa Lea aliniambia sita, nikaandika tisa."

Mwenyekiti alikunja uso. "Mtoto mdogo hivi unadanganya kijiji!"

"Mwache amalize, Mwenyekiti," alisema Mwalimu Marcelino. Evarista alieleza yote. Mwalimu akasema, "Ile sita ndiyo ingetuambia kwamba mawe yanakwisha. Tungetafuta mengine mapema. Jumatatu nitamwomba Bwana Ndalahwa atuachie Nyota juma moja zaidi. Mtapima upya, na ufunguo atashika Lea."

Evarista alitaka kuuchana ukurasa wa uongo. Mwalimu alikataa. "Uache. Andika wa kweli baada yake."

Jioni hiyo alikwenda kwa Mama Leokadia kuomba radhi. Mama yule alimgombeza vya kutosha, kisha akamsogezea kigoda.

"Kaa, nikupe salamu zako. Amemsalimu mama yako, Esta. Amenisalimu mimi, jirani yenu. Halafu akasema: 'Na binti yangu Evarista. Ujumbe: nitakuja wakati wa mahindi mabichi. Aniwekee daftari lake, anisomee.'"

"Amesema daftari?"

"Daftari. Nimesikia kwa masikio yangu."

Evarista aliinamisha kichwa. Baba yake hakuwahi kwenda shule, na alipokuwa nyumbani alipenda kusomewa daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kipimo cha pili kilifanyika kwa haki, kwa mawe mapya yaliyoletwa kutoka Mafinga. Nyota kweli ilikuwa na sauti kubwa kuliko zote, hilo halikufichwa. Lakini siku ya tano ilififia, wakati ile ya zamani ilikuwa bado inanguruma. Ya mwenyekiti ilishika nafasi ya katikati, naye akanuna siku mbili. Kijiji kikanunua redio ya aina ya Mama Leokadia. Bwana Ndalahwa akachukua Nyota yake kwenda nayo Iringa, wala hakuwa na kinyongo. Mama Leokadia aliacha kuanika mawe, ingawa ungo ule aliendelea kuuangalia kwa uchungu.

Mwezi wa tatu, ndevu za mahindi zilipoanza kuwa nyeusi, Tadeo alishuka kutoka kwenye lori, amekonda, ana mvi mbili tatu ambazo Evarista hakuzijua. Jioni aliketi jikoni na hindi la kuchoma mkononi. "Haya, mwanangu. Nisomee."

Evarista alisoma. Alifika kwenye ukurasa ule wa uongo. Lakini hakuuruka. Aliusoma wote, na akaeleza.

Tadeo aliweka hindi chini.

"Kule relini tuna kipimo cha chuma," alisema. "Tunapima nafasi kati ya chuma na chuma, hatua kwa hatua, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Kipimo kile hakina rafiki. Kuna siku nilikuwa na hamu ya kuja nyumbani, nikataka kusema 'imetosha' kabla haijatosha, ili nimalize mapema. Msimamizi akaniuliza, 'Nani atapanda treni hii?' Nikakuona moyoni wewe na mama yako mmekaa dirishani. Nikapima upya, nami nikachelewa kuja."

Alimfuta machozi kwa kidole gumba, kigumu kama gome.

"Mwanangu, kitu ukikipenda sana ndicho ukipime kwa haki kuliko vyote. Ukikipendelea, wa kwanza kudanganywa ni wewe. Sasa ile Jumamosi, salamu hukuzisikia?"

"Sikuzisikia, baba."

Basi Tadeo akakohoa kidogo, akakaa wima kama mtangazaji, akamtangazia salamu zile zote tangu mwanzo, kwa sauti yake mwenyewe.