Aliwahi Kila Mlio

Shoga yangu mshona nguo si mwongo. Angekuwa mwongo ningeshamchoka. Juzi binti yake alimpeleka kupimwa masikio, maana amezidi kuitika kabla hajaitwa.

Wakamfungia peke yake kwenye kile chumba kisichopitisha sauti, taa imezimwa, vidude vya kusikilizia masikioni, kitufe mkononi. Ukisikia mlio, bonyeza. Kimya kilikuwa kizito mpaka akasikia damu yake ikitembea shingoni.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mama, usibahatishe," mpimaji akamwambia akicheka, kupitia vile vidude. "Unabonyeza kabla sijatoa mlio."

"Mwanangu, nimeusikia. Kama mashine yako imelala, iamshe."

Wakarudia. Safari hii mpimaji hakucheka. Karatasi ya mashine ilionyesha amewahi kila mlio: kwanza kwa sekunde moja, kisha tano, kisha ishirini.

Halafu, kabla hajavua vidude, shoga yangu akamsikia binti yake akilia kwa sauti iliyokauka: "Mama! Mama, niitikie!" Akabonyeza, akatoka mbio. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi anachezea simu, sauti nyororo kama siku zote. "Vipi mama, umefaulu?"

Ile karatasi ameifungia kwenye droo ya cherehani. Nimeiona kwa macho yangu. Kila alama ya kitufe inafuatwa na mlio wake, isipokuwa ya mwisho.

"Acha upuuzi," nikamwambia, "utanizika wewe."

Leo asubuhi binti yake amenipigia simu kuniuliza dawa ya koo. Sauti imemkauka.