Foleni ya Viti Viwili

Kila Jumamosi asubuhi Kuruthumu alifagia ua, akamwogesha mdogo wake Bakili, kisha akaenda kupanga foleni. Miaka ile vitu vilikuwa adimu mjini. Ukisikia sabuni imefika, unakwenda kwenye sabuni; ukisikia unga, unakwenda kwenye unga. Mama yake, Bi Sofia, aliwauzia uji wapagazi wa sokoni Kariakoo, hivyo foleni iliyomhusu Kuruthumu zaidi ilikuwa ya sukari.

Jumamosi hiyo mama alimpa kadi ya duka la ushirika na mfuko wa kitambaa. "Sukari ilishushwa jana jioni," alimwambia. "Nenda moja kwa moja, usisimame na mtu."

"Ndiyo, mama."

Lakini kwenye kona ya Mtaa wa Mahiwa alikutana na Sabaha, mwenzake wa darasa la sita, amevaa viatu vyake vya sikukuu.

"Hujasikia?" Sabaha aliuliza. "Shirika moja la ndege la nje limefungua ofisi kule karibu na sanamu ya Askari. Wameweka viti viwili vya ndege, kimoja cha daraja la kwanza, kingine cha daraja la kawaida. Unakaa hiki, unakaa kile, unaeleza tofauti, unapewa mkoba. Bure kabisa."

Kuruthumu aliijua mikoba hiyo, ile ya bluu ya kuning'iniza begani, yenye picha ya ndege ubavuni. Yeye madaftari yake aliyabeba katika mfuko wa unga. Akaitazama foleni ya sukari ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ndefu na haisogei. "Nitarudi kabla haijaisha," alijiambia, akamfuata Sabaha.

Kumbe foleni ya viti ilikuwa mbaya zaidi. Jua liliwachoma watoto vichwani huku watu wazima wenye tai wakipita mbele yao na kuingia. "Ninyi watoto mna haraka gani?" mlinzi aliwauliza. Kupitia kioo Kuruthumu alimwona bwana mmoja amejinyoosha kwenye kiti cha daraja la kwanza, amefumba macho kama yuko kwake. Alipotoka, mkoba wa bluu ulikuwa begani mwake. Kuruthumu alitamani kulia kwa hasira. Kuondoka hakutaka, maana alikuwa amekwisha kupoteza asubuhi nzima, na kukaa nako kulimuumiza.

Hatimaye zamu yake ikafika. Kiti cha daraja la kwanza kilimmeza. Miguu yake haikugusa sakafu, na mikono ilipata pa kulala. Kabla hajaegemea vizuri, karani akamgusa bega ahamie cha pili. Hicho kilikuwa chembamba, na magoti yake yaligonga ubao uliowekwa mbele.

"Haya, tofauti ni nini?"

"Kile ni cha kulala," Kuruthumu alisema. "Hiki ni cha kuvumilia mpaka ufike."

Karani alicheka. "Umejibu vizuri. Ila mikoba imekwisha." Akampa kikaratasi chenye kamba, cha kufungia kwenye sanduku la safari. Sabaha naye alipewa kama hicho. Kuruthumu hakuwa na sanduku wala safari.

Alirudi mbio mpaka Kariakoo. Alipofika dukani, Mama Anaeli, jirani wa nyumba ya ng'ambo, alikuwa anatoka na sukari yake, na muuzaji anafunga mlango. "Imekwisha, mwanangu. Mpaka wiki ijayo," muuzaji alimwambia.

Nyumbani mama aliutazama mfuko mtupu. Kuruthumu akaona aibu, akasema haraka, "Iliisha kabla sijafika mbele. Mtaa wetu wote hakuna aliyepata."

"Basi tumekosa wote," mama alisema, akarudi kwenye kazi zake.

Alasiri Bakili alianza kuharisha. Aliharisha tena na tena, mpaka macho yakaingia ndani na midomo ikakauka. Zahanati ilikuwa imefungwa. Mama alikumbuka mafunzo ya kliniki: maji yaliyochemshwa, sukari kidogo na chumvi kidogo, mtoto anyweshwe mara kwa mara. Maji yalikuwepo na chumvi ilikuwepo. Aligonga vyumba vyote vya nyumba yao, akarudi mikono mitupu.

"Ningevuka kwa Mama Anaeli," alisema, "lakini naye hakupata."

Kuruthumu alimtazama Bakili, aliyekuwa hata kulia hawezi.

"Mama, Mama Anaeli anayo. Nilimwona anatoka nayo. Mimi sikupanga foleni. Nilikwenda mjini kwenye mikoba ya ndege."

Mama alichukua kikombe, akamtia mkononi. Kisha akasema, "Kimbia."

Mama Anaeli hakuuliza maswali. Alijaza kikombe sukari, akavuka barabara pamoja na Kuruthumu. Walimnywesha Bakili kijiko kwa kijiko. Jua lilipozama aliishika kanga ya mama yake na kulia kwa nguvu, na watu wazima wawili wakacheka kwa furaha. Kesho yake muuguzi wa zamu hospitalini alisema wamefanya vyema kuwahi kumpa maji.

Jumatatu Kuruthumu aliamka mapema kuosha vikombe vya uji. Wapagazi waliunywa bila sukari, wakinung'unika.

"Mama, mbona hukunichapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kutamani mkoba ni utoto, nao utaisha," mama alijibu. "Kilichonitisha ni uongo. Uliponidanganya ulinifungia mlango wa jirani, na dawa ya mwanangu ilikuwa nyuma ya mlango huo. Ukikosea, nieleze mapema, hata kama unaona aibu. Kosa ninalolijua nitalitafutia njia. Nisilolijua, nitafanyaje?"

Kuruthumu aliosha kikombe kingine. Mpagazi mmoja alirudisha kikombe, uso umekunjamana. "Binti, hii sukari imekwenda wapi?"

Kuruthumu alikipokea kikombe, akamtazama usoni. "Nilitumwa kuifuata, baba, sikwenda," alisema. "Jumamosi nitakwenda."