Presha ya Ildephonse

Jumamosi ile watu walikuwa wamejazana katika maduka ya Roseville, huko ughaibuni, wakikimbia baridi. Kendi alikuwa kwenye foleni, viatu vipya vya kukimbilia mkononi, mtu mmoja alipomkanyaga.

"Pardon, mama. Sikukuona."

Aligeuka akakutana na mwanamume mrefu mwenye koti refu la rangi ya kahawa, skafu nyekundu, na viatu vya ngozi vinavyong'aa kana kwamba nje hakukuwa na theluji. Kifuani alikuwa amekumbatia kopo la poda ya mazoezi kubwa kama ndoo.

"Mama ni nani? Kwetu Meru huko ni kunizeesha."

"Kwetu Congo ni heshima. Miye ni Ildephonse."

Kendi alitaka kukasirika akashindwa. Kwa mazoea ya mfamasia, macho yake yalikuwa tayari yamesoma lebo ya kopo. "Hiyo ina kafeini ya kuamsha mtaa mzima, na potasiamu juu yake. Kuna dawa yoyote unatumia?"

Ildephonse akageuza kopo taratibu, lebo ikaelekea kifuani pake. "Miye? Niko mzima kabisa."

Walitoka pale wakaenda kunywa chai, na chai ikazaa simu za kila siku. Ildephonse aliendesha forklifti katika ghala moja kule Savage. Kendi alikuwa na duka la dawa la kusimamia kule New Hope. Kila saa ya chakula simu ya Kendi ililia.

"Umekula, chérie?"

"Niko na wateja."

"Sikuuliza wateja. Nimeuliza wewe."

Ildephonse alimfundisha kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, naye Kendi akamcheka alivyosema "minakupenda" badala ya "nakupenda".

"Hiyo si Kiswahili."

"Lakini umeelewa?"

Alikuwa ameelewa vizuri sana. Jioni moja wakila kwa Kendi, Kendi aliona kopo jingine la poda ndani ya begi la Ildephonse, akamuuliza tena kama anatumia dawa. Ildephonse alimbusu kiganja, akasema hapana.

Theluji ilipoyeyuka walianza kwenda jimu pamoja baada ya kanisa. Jumapili moja Ildephonse aliweka vyuma chini, akaketi sakafuni, uso umeloa jasho.

"Kendi, moyo unaruka."

Alimshika mkono akatafuta mpigo. Ulikuwa ukikimbia, unakwama, kisha unakimbia tena. Kendi aliita gari la wagonjwa kwa sauti tulivu ambayo hakujua ameitoa wapi.

Hospitalini muuguzi aliuliza anatumia dawa gani. Ildephonse alimtazama Kendi, kisha akatazama dari.

"Lisinopril," akasema. "Ya tension. Mwaka wa pili huu."

Daktari alieleza, ingawa Kendi alikuwa ameshaelewa: dawa ile ya presha hufanya mwili ubaki na potasiamu, na poda ilikuwa ikiiongeza kila siku hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Kafeini nayo ilipandisha presha ambayo kidonge kilikuwa kinajaribu kuishusha. Walimtibu, wakamlaza wamwangalie. Kendi hakubanduka hadi alipoambiwa hatari imepita, na dada yake Ildephonse, Goretti, amefika. Ndipo akachukua koti lake.

"Nilikuuliza dukani. Nikakuuliza tena mezani kwangu," alisema polepole. "Ukanidanganya mimi, ambaye kazi yangu ni hilo swali."

"Kendi, ngoja."

"Pona kwanza."

Siku zilizofuata hakupokea simu zake. Saa ya chakula alikaa na bakuli lake, akisikiliza simu ikinguruma ndani ya droo, na chakula kikapoa. Kisha Goretti akapiga simu dukani.

"Wifi, kama ni ugonjwa unaukimbia, sema tu. Yule wa kwanza naye alikimbia hivyo hivyo."

"Yupi wa kwanza?"

"Hakukuambia? Alikuwa ameshachumbia. Familia ya msichana ikasikia ana tension, na baba yetu alikufa nayo kwenye kambi ya wakimbizi akiwa bado kijana. Wakasema hawaozeshi binti yao kwa maiti inayotembea."

Kendi akatafuta kiti. "Goretti, mimi nashinda na wagonjwa kutwa. Nilikimbia uongo."

Jumamosi Ildephonse alitokea dukani. Alipanga foleni kama mteja yeyote, nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo, na zamu yake ilipofika akaanza kutoa makopo kwenye mfuko.

"Niko na tension," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Natumia lisinopril. Hizi ndizo nilikuwa nachanganya, na nilikuficha. Nisamehe. Sasa niambie nitupe zipi."

Hakuna mteja aliyeelewa Kiswahili hicho, lakini Kendi alivuta makopo karibu, akasoma lebo moja moja.

"Hii tupa. Hii pia. Hii ni protini, lakini usiiguse mpaka daktari wako aione."

"Na miye?"

"Wewe ningoje nje. Natoka saa sita."

Walitembea kando ya Ziwa Como, Kendi katika gauni la njano alilokuwa amelivaa chini ya koti jeupe la kazi. Ildephonse alimweleza habari za baba yake na za yule mchumba, bila kujitetea.

"Daktari aliniambia nifanye mazoezi presha ishuke. Nikataka ishuke haraka, ili nisiwe na kitu cha kukuambia."

Kendi akamshika mkono. Kisha akatoa simu, akaiweka kwenye spika, akampigia mama yake kule Nkubu, Meru, ambako tayari ilikuwa usiku na walikuwa wamemaliza kula chakula cha jioni.

"Mama, kuna mtu anataka kukusalimia."

Ildephonse akanyoosha kola. "Jambo, mama. Naitwa Ildephonse. Mbele ya maneno yote, nataka ujue niko na tension."

"Tension ya nini, mwanangu? Mimi siumi mtu."

"Hapana, mama. Ya damu. Presha."

Kendi alisogea karibu na simu.

"Unameza vidonge?" mama akauliza.

"Kila asubuhi."

"Hukosi?"

"Sikosi."

"Basi umenishinda. Mimi husahau, na huyo binti hunigombeza hadi nazima simu."

"Anakugombeza wewe pia?"

"Wacha tu. Keti nikuambie."

Ildephonse aliketi kwenye benchi, na wawili hao wakazama katika habari za vidonge na chumvi, Kendi akabaki amesimama bila simu, anacheka peke yake.

"Sasa mnakuja lini?" mama akauliza mwishoni.

"Desemba," Kendi akadakia. "Waambie wazee wajiandae."

Ildephonse akainua macho. "Wajiandae kwa nini, chérie?"

"Kwa swali ambalo hujaniuliza. Uliza sasa, mama akiwa bado anasikia."

Akauliza, na vigelegele vya Nkubu vikajibu kabla Kendi hajafungua mdomo.