Mbegu Niliyompa Nekesa

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, kibarua katika shamba la mbegu huku Likuyani. Msinihurumie. Nawaandikia kwa sababu kila msimu wa kupanda ukifika, nalala macho...

Miaka sita iliyopita, dada yangu Nekesa alikuwa ameolewa Mayoni, mwaka wa tatu bila mtoto. Mama mkwe alisema waziwazi kwamba mkono wa mwanamke huyo hauoteshi kitu. Wakampa kipande cha shamba katikati ya miwa apande mahindi, waone. Nekesa akaniomba mbegu bora kuliko zote.

Nami nilijifanya mjuaji! Shambani kwetu tulipanda mistari ya jike na ya dume. Dume likishamwaga vumbi lake la manjano, tulilifyeka likaliwa na ng'ombe. Mahindi ya jike ndiyo yaliyovunwa na kuuzwa kuwa mbegu. Wewe ungeiba ipi? Kabla ya kupanda, nikajaza gorogoro moja, kopo la kilo mbili, ya ile mbegu ya jike iliyoletwa tupande, nikaificha chini ya koti, nikampelekea Nekesa.

Mahindi yaliota vizuri ajabu! Nekesa alinitumia salamu kwamba mama mkwe ameanza kumwita "binti yangu". Nikaenda kusaidia kuvuna. Tukamenya hindi la kwanza... gunzi tupu. La pili, tupu. Shamba zima!

"Si niliwaambianga?" mama mkwe akapaza sauti. "Huyu mkono yake imekauka!"

Niliporudi kazini nikamuuliza msimamizi, kwa kuzungukazunguka. Akacheka. "Hiyo jike mpya maua yake haina vumbi. Ndiyo maana siku hizi hatuikatangi maua ya juu kama zamani. Bila dume kando, hupati hata punje!"

Na kwa Nekesa kulikuwa na nini kando? Miwa, pande zote nne.

Ningesema neno moja tu... Lakini hapo ningekiri wizi, na kibarua kingeota nyasi. Nikanyamaza. Nekesa akafukuzwa, akarudi huku nyumbani kwa mama yetu na sanduku moja. Mumewe alioa mwingine, na huyo pia hajazaa hadi leo.

Tangu hapo Nekesa hakutia mbegu ardhini. Alilima, akapalilia, akavuna, lakini siku ya kupanda mama ndiye aliyeinama, na mgongo wake mbovu, akidondosha punje huku Nekesa akifukia kwa mguu. Nami nilikuwa nikiwatazama, msimu baada ya msimu!

Mwaka huu mama hawezi kuinama. Nekesa akanipa kopo la mbegu. "Nitilie wewe, Wafula. Wewe uko na mkono mzuri."

Nikashindwa. Nikamwambia yote, nikilia kama mtoto.

Alitazama mikono yake, ndani na nje. "Kwa hivyo ulikuwa unajuanga?"

Akaninyang'anya kopo. Akapanda shamba lote peke yake, mpaka mstari wa mwisho. Hajanisemesha tena.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu anayebeba lawama yako, mwendee leo. Mimi nilichelewa miaka sita, na nilikuwa naishi ng'ambo ya ua tu.