Uvimbe Mkononi mwa Kidoti

Kila asubuhi Kidoti alifagia uwanja wa shangazi yake, akaosha vyombo, kisha akampitia rafiki yake Mapengo, wakaenda shule wakipiga soga njia nzima. Leo alikwenda peke yake. Mapengo alikuwa ametangulia makusudi.

Siku tatu nyuma wauguzi walikuja kuwapima wanafunzi kifua kikuu. Kila mmoja alichomwa kisindano kwenye ngozi ya mkono. Jana walirudi na rula kupima nani amevimba, maana uvimbe huweza kuwa dalili ya ugonjwa huo. Mikono mingi ilikuwa laini, lakini wa Kidoti ulivimba kama umeumwa na nyigu. Akaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali.

"Usinikaribie, wee kifua!" Mapengo alimwambia Kidoti alipoingia darasani, kisha akahamia dawati la mbele. Wenzake wakaangua kicheko. Kidoti akabaki na dawati zima, refu kama kitanda.

Nyumbani nako, shangazi alikwisha kumtengea kikombe na mkeka wake. Mtoto mchanga wa shangazi, aliyezoea kubebwa na Kidoti, alimnyooshea mikono akilia. Kidoti hakuthubutu kumgusa. "Je, nimemwambukiza?" alijiuliza, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake Kidoti na shangazi walikwenda hospitali.

"Unakohoa?" tabibu alimuuliza.

"Hapana."

"Homa? Umekonda?"

"Akonde wapi, na sufuria anaikwangua yeye!" shangazi alidakia.

"Nyumbani kuna anayekohoa?"

"Hakuna."

Kidoti akapigwa picha ya kifua. Ikatoka safi.

"Sasa mbona mkono ulivimba, daktari?" shangazi aliuliza.

"Mama, kipimo kile ni kama mbwa wa mlangoni. Humbwekea mwizi, humbwekea na mgeni mwema. Hata chanjo ya kifua kikuu aliyochanjwa utotoni yaweza kumfanya abweke. Shuleni wengi ni wazima, kwa hiyo kati ya ishirini waliovimba, pengine mgonjwa ni mmoja tu. Mbwa akibweka, toka na taa utazame. Usirushe mawe gizani. Tutamwangalia tena baadaye, lakini leo mtoto huyu haumwi, wala hajamwambukiza mtu."

Shangazi akainamisha kichwa. Walipotoka nje, alimshika Kidoti mkono ule ule uliovimba.

"Mimi nilirusha mawe, mwanangu. Nisamehe. Na hata ungekuwa mgonjwa, dawa ingepatikana hapa hapa. Mtu wa kukaa nawe ndiye ungemkosa, kwa ujinga wangu. Kesho nitakuja darasani kwenu, niwaambie hivyo hivyo."