Vitambaa Vitano vya Mama Bilan

Azana ya adhuhuri ilipoanza, Zaitun aliepua karai la bhajia, akapangusa mikono, akaingia ndani. Walikaa chumba kimoja nyuma ya msikiti, pale Kitale. Mama yake, Bilan, alikuwa amelala chali tangu kiharusi kimpige. Mkono wa kulia na mguu wa kulia haikumsikia tena.

"Mama, nipanguse?"

"Pangusa haraka. Sala isinipite."

Juu ya godoro Zaitun alikuwa ametandika karatasi nzito ya nailoni, ile watu wanaanikia mahindi. Mama alilala juu yake hivyo hivyo. Mkojo ukitoka, hauingii kwenye godoro. Zaitun alipitisha kitambaa chenye maji, nailoni ikang'aa, na mama akaswali kwa macho na kidole kimoja, mahali safi. Kwa sala tano Zaitun alipangusa mara tano. Majirani walimsifu. Hata yeye alijisifu moyoni.

Lakini mama alikuwa amebadilika. Akiletewa chai, anaonja tu, anarudisha kikombe.

"Nimeshiba."

"Mama, hujanywa hata mafunda mawili!"

"Nikinywa nitachafua tena. Wacha nikauke."

Na wakati wa kuoga alikaza leso, akakataa kugeuzwa. "Mtoto niliyembeba hatanitazama huko nyuma," alisema. Zaitun alimheshimu. Aliosha alipofikia, basi.

Ndugu yake mdogo, Hamid, alikuwa fundi wa baiskeli Bungoma. Siku moja alifika amebeba mzigo mkubwa begani, umefungwa kwa kamba.

"Dada, dawa ya mama ndiyo hii! Kigodoro cha juu. Laini ati unazama!"

"Tunaweka wapi?"

"Si juu ya kila kitu, bana. Juu kabisa! Leo mama atalala kama bibi harusi."

Walimhamishia juu yake. Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hamid, mwanangu, mifupa yangu imepumua."

Kufika alasiri, kigodoro kilikuwa kimelowa mpaka chini. Mama aligeuza uso ukutani. Azana ililia ikaisha, naye hakuswali. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Msinitandikie kitu kizuri tena," alisema.

Zaitun alirudisha nailoni. Kigodoro alikianika siku mbili, lakini harufu haikutoka. Siku ya tatu alimwomba jirani yake Jerop akae na mama, akakipeleka Bungoma, kwenye duka kilikonunuliwa. Alitaka wambadilishie.

Mwenye duka alikuwa Lajwanti, mama wa Kihindi wa makamo. Wateja walimwita Mama Yuvraj, kwa jina la mwanawe. Alikinusa kigodoro, akacheka.

"Hii nirudishe nimuuzie nani? Paka?"

Zaitun hakucheka. Machozi yalimtoka tu. Lajwanti akavuta stuli.

"Keti, dada. Nani mgonjwa?"

"Mama. Hawezi kujigeuza."

"Pole. Mimi nilichunga mama mkwe yangu miaka tatu. Sasa sikia. Kuna vitu tatu, na watu wanachanganya. Kila moja iko na kazi yake." Akapiga kigodoro kwa kiganja. "Hii kazi yake kulainisha. Mifupa haigongi chini. Lakini maji? Inakunywa yote. Haizuii kitu."

Akashusha kava kutoka kwenye rafu. Juu ilikuwa kitambaa laini, chini mpira mwembamba. "Hii kazi yake kuzuia. Unavalisha godoro na kigodoro pamoja. Maji haiingii. Lakini usidhani italainisha. Na hainyonyi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu utashona wewe. Taulo nzee, kwa tabaka tatu. Kazi yake kunyonya. Unaweka juu ya kava, chini ya kiuno. Ikilowa unatoa hiyo, unaweka ingine kavu. Moja tu! Ukirundika nyingi, ule ulaini wa chini unapotea. Na usiache mikunjo."

"Kava sina, Mama Yuvraj. Mimi natumia nailoni ya mahindi."

"Umeweka wapi?"

"Juu. Mama analala juu yake. Napangusa kila sala."

Lajwanti aliacha kukunja kava. "Juu? Na ngozi yake?"

"Ndiyo."

"Dada, wewe mtu wa Kitale. Mahindi mbichi ukifunga kwa nailoni, inakuwa aje?"

Zaitun alijua. Yanatoa jasho, yanapata joto, yanaoza.

"Mgongo yake umeangalia?" Lajwanti aliuliza polepole.

Zaitun alifungua fundo la pesa. Alinunua kava, akabeba kigodoro chake, akarudi nyumbani.

"Mama, nisamehe," alisema alipofika. "Leo nitaangalia."

Mama aliilegeza leso. "Basi funga mlango."

Alimgeuza taratibu. Chini ya kiuno, pale mfupa unapotokeza, ngozi ilikuwa imetoka. Kidonda kilikuwa kibichi, kipana kama kifuniko cha chupa ya soda. Pembeni yake palikuwa pameiva kwa wekundu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi vile unanisafisha," mama alisema. "Ningekuambiaje?"

Zaitun alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye kitanda, akalia. Mkono wa kushoto wa mama ulimpapasa nywele.

Asubuhi alimwita Sista Agneta, muuguzi wa zahanati. Agneta alisafisha kidonda, akakifunga.

"Msisugue hapa. Msipake majivu wala dawa ya kuokota barabarani. Mimi nitakuja kubadilisha bandeji. Na mnamgeuza?"

"Nitamgeuza kila azana, Sista."

"Azana ni tano tu. Toka isha mpaka alfajiri ni mbali, ngozi haingoji. Kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku. Ubavu huu, kisha ubavu ule. Hata ulale kwa godoro ya rais, bila kugeuzwa utatoka kidonda." Akamgeukia mama. "Na wewe, Mama, unywe maji. Mkojo mzito ndio unachoma ngozi."

"Nitalowesha, Sista."

"Lowesha! Kwani vitambaa vinashonwa vya nini?"

Mama akacheka. Zaitun hakuwa amesikia kicheko hicho tangu kiharusi.

Hamid alikuja, akaosha kigodoro kwa sabuni, akakikamua kwa kukikanyaga, wakakianika mpaka kikauka kabisa. Godoro chini, kigodoro juu yake, vyote viwili vikavishwa kava. Juu ya kava wakatandaza shuka bila mkunjo. Zaitun alishona vitambaa vitano vya taulo, kwa sala tano, na viwili vya akiba. Nailoni alimpa Jerop aanikie mahindi.

Usiku walipeana zamu na Jerop. Mama alianza kumaliza kikombe cha chai. Kidonda kikaanza kujifunga, kutoka pembeni kuja katikati. Miezi mitatu baadaye Agneta hakufunga bandeji tena.

Kisha kiharusi kikarudi, kikamchukua. Ilikuwa Ijumaa, kati ya adhuhuri na alasiri. Kati ya vile vitambaa vitano vya sala, viwili vilikuwa vinakauka kwenye kamba. Vitatu vilibaki vimekunjwa kando ya kitanda.

Wanawake wa msikitini walikuja kumwosha. Aliyewaongoza alikuwa mama mzee aliyeitwa Sumeya. Zaitun alishika birika la maji. Walipomgeuza, alifumba macho.

"Hapa palikuwa na kidonda?" Sumeya aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Pamefunga, binti yangu. Fungua macho umwage maji."

Baada ya maziko Hamid alivua kava, akatoa godoro nje, kama watu wanavyofanya. Alilikandamiza kwa viganja vyote viwili, kila mahali. Lilikuwa kavu.

Wiki mbili baadaye Agneta alipita. Kulikuwa na mzee mmoja mtaa wa Kipsongo, alisema, ameanguka na hawezi kujigeuza. Watoto wake wamemlaza kwenye nailoni.

Zaitun aliinuka. Alikunja kigodoro, akakifunga kwa ile kamba ya Hamid. Akaweka kava juu, na vitambaa. Kimoja alikirudisha, akakiweka chini ya mto wake.

Alipofika kwa yule mzee walimkaribisha kiti. Hakuketi.

"Mgongo wake," aliuliza, "mmeuangalia?"